Tumefika Mwezi wa Tisa, Nani Atatujibu?

Sisi ambao tumbo limeshatangulia mbele tunaombwa jambo moja na kila tunayekutana naye: tuvumilie. Kondakta wa daladala anasema vumilia mama, nitakushusha hapo mbele. Mama mkwe anasema vumilia, wenzako wote tumepita huko. Sista wa kliniki, foleni ikiwa imefika getini, anasema vumilieni jamani, leo tuko wawili tu. Tumevumilia. Uzito wa mtoto tunaubeba, na miguu iliyovimba tunaiburuza hadi sokoni na kurudi. Kinachotushinda ni maswali tunayolala nayo na kuamka nayo. Tukiuliza nyumbani tunaitwa waoga, tukiuliza kituoni tunaonekana wajeuri.

Tuanze na usiku. Wengi wetu tunaoishi Mbagala, Manzese, Vingunguti na Tandale tumepanga chumba kimoja au viwili, na choo kiko uani, cha wapangaji wote. Mtoto akishashuka anabana kibofu, basi hata lisaa halipiti hujaamka. Kila safari ni kujifunga kanga, kupapasa kandambili, kuwasha tochi ya simu, kufungua komeo bila kuamsha watu, kukatiza ua wenye maji ya sabuni, kisha kuchuchumaa huku umeshika ukuta. Kuchuchumaa na tumbo hili kwenye sakafu iliyolowa ni hatari, na kwenye masomo ya asubuhi kliniki hatujasikia ikitajwa. Mwenye kuweka ndoo chumbani anasemwa nyumba nzima kwamba ni mvivu na mchafu. Tunasema hivi: mwezi huu ndoo ni haki yetu, na wanaotusema wanyamaze.

Ukirudi kitandani, huko nako kuna kazi. Tunaambiwa tulale ubavu, na ushauri huo una sababu: ukilala chali katika miezi ya mwisho, tumbo linakandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo, mama anasikia kizunguzungu na mtoto anapungukiwa. Lakini kitanda ni cha nne kwa sita, kuna mume, kuna mtoto wa kwanza anayelala amejitanua, na umeme ukikatika mwezi wa pili wa Dar es Salaam hakuna ubavu utakaokupa usingizi. Kiungulia kinapanda hadi kooni. Ukilalamika unaambiwa mtoto ana nywele nyingi, na mazungumzo yanaishia hapo.

Haya ya kiungulia tungeyaacha yapite. Tusiloweza kuliacha ni lile la mtoto kucheza. Karibu kila mmoja wetu ameambiwa na mtu mzima anayemheshimu kwamba mwezi wa tisa mtoto hutulia, amejipanga, anasubiri siku yake. Maneno hayo yanasemwa kwa upendo, na yanaua. Mtoto tumboni haachi kucheza kwa sababu siku zimekaribia. Mchezo unaweza kubadilika, ukawa wa kujinyoosha na kusukuma zaidi kuliko kurusha mateke, kwa kuwa nafasi imebana, lakini haukomi. Ukiona amepunguza kuliko ulivyomzoea, siku hiyohiyo unakwenda kituoni, hungoji kesho wala tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Tunataka jambo hili lisemwe kwa sauti, kila kliniki, mbele ya mama zetu, shangazi zetu na bibi zetu, kwa sababu saa nane ya usiku hao ndio tunaowaamsha. Mjamzito hawezi kumwambia bibi yake peke yake, ndani ya chumba, kwamba amekosea. Sista mwenye sare akisema, bibi atasikia.

Kuna suala la tarehe nalo. Kadi ina tarehe moja, iliyohesabiwa kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Utrasaundi ya mwezi wa saba imetoa nyingine. Mama mkwe amehesabu kwa mwezi mwandamo na ana ya kwake. Kisha inapita tarehe ya kwanza, na simu zinaanza: bado tu? hujashusha? una nini? Kuna mwenzetu aliyezima simu siku nzima kwa kuchoka kujibu. Laiti tungeambiwa mapema kwamba ni watoto wachache sana wanaozaliwa siku yenyewe ya makadirio, kwamba mimba ya wiki 37 na ya wiki 41 zote bado zinaweza kuwa za kawaida, na kwamba utrasaundi ya mwanzoni ndiyo hukadiria vizuri kuliko ya mwishoni! Wengi wetu ile ya mwanzoni hatukuipata. Nauli haikuwepo, au kituo cha karibu hakikuwa na mashine. Na ukishapita wiki 41 unatakiwa kuonwa kwa makini, wala si kukaa nyumbani unasubiri kwa imani. Sasa mwenye tarehe tatu ataanza kuhesabu kutoka ipi?

Tukija kwenye mkoba, hapo tutasimama kidogo. Sera ya Afya ya mwaka 2007 imesema huduma kwa wajawazito katika vituo vya umma ni bila malipo. Tunasikia hivyo kwenye redio na kwenye mikutano. Halafu tunaambiwa tujiandae: glovu, pamba, nyembe, vibanio vya kitovu, mpira wa kutandika, mabomba ya sindano, pedi, beseni, ndoo, kanga doti mbili au tatu. Kanga na beseni hatuna ugomvi navyo, hivyo ni vyetu na mtoto wetu. Lakini glovu atazivaa mkunga, na bomba litamchoma mgonjwa wa serikali. Wapo wauguzi waungwana wanaotueleza ukweli kwamba vifaa huja na kuisha, na kwamba afadhali uje navyo kuliko kuhangaika usiku. Tunawashukuru kwa ukweli huo. Shida ni kwamba yule mama anayeuza maandazi barabarani, aliyesikia neno bure akaliamini, anafika na kanga yake mkononi, halafu anaulizwa vitu vyake viko wapi. Anaona aibu. Wapo walioahirisha kwenda, uchungu umeshika, kwa sababu mkoba haujakamilika. Mtu akichelewa kwa sababu ya pamba na wembe, asiitwe mzembe. Kama vifaa vipo, tuambiwe vipo. Kama havipo, tuambiwe tangu mimba ya miezi minne, tununue kidogokidogo.

Na vipimo. Kila mara tunayokwenda tunatakiwa kupimwa presha, mkojo na wingi wa damu. Presha hupimwa kama mashine ni nzima. Mkojo mara nyingi tunaambiwa vipimo vimeisha, rudi wiki ijayo. Wakubwa, wiki ijayo kwa mtu wa mwezi wa tisa ni mbali. Kifafa cha mimba huanza kwa presha kupanda, na mara nyingi protini kuonekana kwenye mkojo, huku mama mwenyewe anajiona mzima. Kikishaonyesha dalili ni kichwa kinachouma bila kuachia, macho kuona ukungu au vimulimuli, maumivu ya juu ya tumbo chini ya mbavu, uso na mikono kuvimba ghafla. Kwa kuwa miguu yetu sote imevimba, hatujui uvimbe upi ni wa kawaida na upi ni wa kukimbizwa. Degedege likishaanza, bado kuna majirani wanaosema ni mashetani na kutafuta ubani, wakati dawa ipo, magnesiamu salfeti, na inafanya kazi ikiwahi. Tumewahi kukaa benchi moja na mwanamke aliyekuwa anasema tu kichwa kinamuuma, na hakuna aliyemtoa kwenye foleni mpaka akaanguka. Alipona. Bado tunamfikiria.

Tunajua kazi imefanyika, tusingependa kuonekana watu wasio na shukrani. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015 na 2016 ulikadiria vifo vya uzazi 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ulikadiria 104. Wanaojifungulia kwenye vituo wamepanda kutoka 63 katika kila 100 hadi 81. Hayo ni maisha ya watu, na waliofanya kazi hiyo usiku na mchana tunawaombea. Lakini ukiwa wewe ndiye umebeba tumbo, hesabu ya taifa haikutoi hofu. Unajiuliza ukifika utapokewa vipi.

Kwa sababu tunajua namna ya kurudishwa. Uchungu umeanza saa tatu usiku, umechukua bajaji, umepimwa njia, umeambiwa sentimita mbili, nenda nyumbani ukatembeetembee. Kitaalamu si kosa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2018 unasema uchungu wenyewe unahesabiwa kuanzia sentimita 5, na kulazwa mapema mno kunaweza kumletea mama dripu na kisu visivyo na sababu. Lakini hilo hatuelezwi. Tunaambiwa bado, rudi, halafu mlango unafungwa. Nyumbani ni Chanika, mvua za masika zimeharibu barabara, bajaji imeshaondoka, na uzazi huu ni wa tatu ambao unaweza kwenda haraka kuliko wa kwanza. Tunakaa nje, kwenye ngazi, juu ya kanga. Kituo kinachoweza kumrudisha mama usiku kingeweza kuweka benchi na paa pembeni ya wodi, akasubiri hapo. Vijijini kuna mahali wamejenga nyumba za kusubiria uchungu, mama anahamia wiki chache kabla. Sisi wa pembezoni mwa jiji tunahesabiwa watu wa mjini, na huku mwendo wa kufika hospitali ni uleule wa kijijini.

Na hii namba 115. Mfumo wa m-mama, ulioanza kusambazwa nchi nzima 2022, unapokea simu bila malipo na kutafuta gari la wagonjwa, au dereva wa jamii anayelipwa na mfumo wenyewe, pale mama mjamzito au mtoto mchanga anapopata dharura. Ni jambo jema mno. Mbona wengi wetu tumeisikia kwa jirani? Iandikwe kwa kalamu nene kwenye jalada la kila kadi, na mume aisome kwa sauti kabla hajatoka kliniki.

Mume, tukimtaja. Kliniki ya kwanza alitakiwa aje, na mwenye kuja peke yake akaombwa barua ya serikali ya mtaa, hata yule aliyeachwa, hata yule ambaye mwanaume amekana mimba, akasimama mbele ya mwenyekiti wa mtaa kueleza aibu isiyo yake. Mume alitakiwa sana siku ile. Siku ya uchungu anaambiwa asubiri getini. Mama mzazi naye anaambiwa asubiri getini. Mwongozo uleule wa 2018 unataka kila mama awe na mtu wake aliyemchagua mwenyewe wakati wa kujifungua, na tunaelewa kwa nini wakunga wanasita: wodi ni moja, vitanda vimesogeleana, hakuna pazia, mume wa huyu atamwona mke wa yule. Wanawake walioshazaa wanalazwa wawili wawili mzungu wa nne, na vichanga vyao katikati. Hapo ndipo tunapowashangaa wanaopanga bajeti. Pazia ni kitambaa na waya. Likiwekwa pazia, mama yangu anaingia, ananishika mgongo, ananipa maji, anamwita sista damu ikizidi. Sista mmoja anayehudumia akina mama wengi anapata jozi ya macho ya ziada bila mshahara.

Wanaofanya kazi za kuajiriwa nao wana lao. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatoa siku 84 za likizo ya uzazi, 100 kwa mapacha, na inaruhusu kuanza wiki 4 kabla ya tarehe ya makadirio. Hizo wiki nne hazigusiki, kwa sababu kila siku unayopumzika na tumbo unamnyima mtoto siku ya kunyonya, na tunahimizwa kumnyonyesha maziwa ya mama pekee miezi sita. Kwa hiyo tunasimama kaunta, tunafundisha darasa la watoto wengi, tunapanda daladala ya saa kumi na mbili, mpaka siku chupa inapopasuka. Baba amepewa siku 3. Na mama lishe, na muuza genge, na msusi, hao hawana hata siku moja iliyoandikwa popote, wakikaa ndani sufuria inakaa tupu.

Kliniki yetu ni Jumatano. Tumekubaliana wenyewe kwenye benchi kwamba wiki hii hakuna atakayeuliza peke yake. Tutasimama wote wakati wa somo la asubuhi, wenye mimba ya kwanza na wenye mimba ya sita, tuulize vipimo vya mkojo vimefika au bado, mkoba unatakiwa uwe na nini hasa, anayerudishwa usiku anakwenda wapi, na nani tumwone ili wodi ile iwekwe mapazia.