Chuo kina kamera, je, nani anazitazama?

Siku ya kuripoti chuoni huwa na pilkapilka zake. Godoro limefungwa juu ya gari, begi limejaa hadi zipu haifungi, na mama anauliza kwa mara ya tatu iwapo karo imeingia kwenye akaunti. Getini familia hukuta askari wa kampuni ya ulinzi, kijiti cha kukagua chuma, kamera zilizoelekezwa barabarani na, katika vyuo vyenye uwezo, lango linalofunguka mwanafunzi akiweka kidole. Mzazi akishaona hayo moyo hutulia kidogo. Hutia saini fomu, humwachia mwanawe pesa za matumizi na kurudi nyumbani.

Vifaa hivyo vina kazi yake, na chuo kilichovinunua hakikutupa pesa bure. Shida ni kwamba kifaa cha usalama ni nusu tu ya ulinzi. Nusu ya pili ni watu: anayetazama picha, anayepokea simu usiku wa manane, anayeshika ufunguo wa mlango wa dharura, na mwanafunzi mwenyewe anayejua king'ora kikilia akimbilie wapi. Nusu hii haionekani getini, na ndiyo ambayo mzazi anafaa kuiulizia.

Nchini Kenya, mazungumzo kuhusu usalama vyuoni yalibadilika alfajiri ya Aprili 2, 2015, magaidi wa Al-Shabaab walipovamia chuo kikuu mjini Garissa. Watu 148 waliuawa, wengi wao wakiwa wanafunzi waliokuwa mabwenini. Walinzi wa getini, ambao hawakuwa na bunduki, walikuwa miongoni mwa wa kwanza kupigwa risasi. Baada ya hapo upekuzi, kamera na kadi za kielektroniki vikawa jambo la kawaida katika vyuo vingi.

Yaliyofuata mwaka huo hayakumbukwi sana, ingawa mzazi ana mengi zaidi ya kujifunza kutoka kwayo. Siku 10 baada ya Garissa, alfajiri ya Aprili 12, hitilafu ya umeme ilisababisha mlipuko karibu na mabweni ya Chuo Kikuu cha Nairobi, bewa la Kikuyu. Hakukuwa na mshambuliaji yeyote. Lakini vijana walioamshwa na kishindo gizani walidhani ni Garissa tena. Wakaruka madirishani, wengine wakasukumana kwenye ngazi. Mwanafunzi mmoja alifariki na zaidi ya 100 wakajeruhiwa.

Novemba 30 mwaka uo huo, Chuo Kikuu cha Strathmore jijini Nairobi kilifanya zoezi la kujiandaa kwa shambulio. Milio ya risasi ikasikika. Wengi waliokuwa ndani ya majengo hawakujua kwamba ni zoezi, na baadhi yao wakaruka kutoka ghorofani. Mfanyakazi mmoja wa chuo alifariki kutokana na majeraha yake na watu wengine kadhaa wakapelekwa hospitalini.

Madaktari wa mifupa wanayajua vyema majeraha ya aina hii. Mtu anayeruka kutoka juu na kutua kwa miguu huvunjika mfupa wa kisigino, kisha kishindo kile kikapanda hadi kiunoni na kuponda pingili za uti wa mgongo. Ndiyo maana aliyevunjika visigino kwa kuanguka hupigwa pia picha ya mgongo, hata kama halalamikii mgongo. Kwenye ngazi zilizosongamana hatari ni ya namna nyingine. Wengi hudhani watu hufa kwa kukanyagwa, kumbe mara nyingi hubanwa kifua hadi wakashindwa kuvuta pumzi, wengine wakiwa wangali wamesimama. Katika visa vyote viwili vya 2015 hakuna aliyepigwa risasi. Watu waliumia kwa sababu walisikia mlio na hapakuwa na sauti waliyoiamini ya kuwaambia ni nini.

Kwa hiyo teknolojia ya kwanza ya kuulizia si kamera. Ni njia ya kupasha habari: king'ora, vipaza sauti mabwenini, arafa za dharura kwa simu za wanafunzi. Vyuo siku hizi hupenda programu za simu zenye kitufe chekundu cha kuomba msaada, na ni vitu vizuri, ila programu inahitaji bando, na bando la mwanafunzi kila mtu anajua huisha lini. Arafa ya kawaida humfikia hata mwenye simu ya mulika mwizi. Mtandao ukilemewa kwa sababu kila mtu anapiga simu kwa wakati mmoja, king'ora chenye betri ndicho kinachobaki. Chuo makini huwa na njia mbili au tatu, na huzijaribu zote.

Kuzijaribu ndiko kunakosahaulika. Zoezi zuri hutangazwa mapema, halina milio ya bunduki, na linawaonyesha wanafunzi mlango wa kutokea na mahali pa kukusanyika. Lirudiwe kila muhula, kwa sababu kila mwaka kuna wageni ambao hata choo bado wanakiulizia.

Marekani ilijifunza suala la kupasha habari kwa uchungu. Aprili 16, 2007, katika chuo cha Virginia Tech, watu wawili walipigwa risasi bwenini mwendo wa saa moja na robo asubuhi. Barua pepe ya kwanza ya kuwatahadharisha wanafunzi ilitumwa saa tatu na dakika 26, zaidi ya saa mbili baadaye. Muda mfupi baada ya hapo mshambuliaji yuleyule aliingia jengo la madarasa, akafunga milango kwa minyororo na kuua watu 30. Kompyuta zilikuwepo, intaneti ilikuwepo. Kilichochelewa ni uamuzi wa kutuma ujumbe. Mwaka uliofuata sheria ya Marekani ilirekebishwa ili vyuo vitakiwe kutoa tahadhari mara tu dharura inapothibitishwa.

Sheria hiyo yenyewe ililetwa na wazazi. Jeanne Clery, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Lehigh jimboni Pennsylvania, aliuawa chumbani mwake bwenini mnamo Aprili 1986 na mwanafunzi mwenzake. Bweni lilikuwa na milango inayojifunga yenyewe. Muuaji alipita katika milango mitatu ya namna hiyo kwa sababu wakazi walikuwa wameizuia isifunge, ili marafiki waingie bila usumbufu. Baba na mama yake walipigania sheria iliyopitishwa mwaka 1990, ambayo inavitaka vyuo kutangaza kila mwaka idadi ya uhalifu uliotokea katika maeneo yao. Mzazi wa Marekani anaweza kuisoma ripoti hiyo kabla ya kulipa karo. Afrika Mashariki mzazi hutegemea zaidi kuuliza, na hakuna aibu katika kuuliza.

Kuhusu milango, hatari iko pande zote mbili. Mlango uliozuiwa kwa kiatu unamwingiza mwizi. Mlango uliofungwa kwa kufuli wakati wa moto unaua. Katika Shule ya Upili ya Kyanguli, Machakos, mwaka 2001, wavulana 67 walikufa bweni lilipoteketezwa; mlango mmoja kati ya miwili ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na vyuma. Ile ilikuwa shule, lakini moto hautofautishi. Chuo kinapoweka kufuli za kielektroniki au lango la kidole, swali la kwanza ni: umeme ukipotea, mlango unabaki wazi kwa anayetoka au unamfungia ndani? Mfumo uliowekwa vizuri humruhusu aliye ndani kutoka bila kadi, bila kidole na bila kumtafuta msimamizi mwenye funguo. Swali la pili ni kama madirisha ya chini yana vyuma vinavyoweza kufunguliwa kutoka ndani. Moshi humlemea mtu aliyelala kabla miali haijamfikia, kwa hiyo kengele ya moshi, ambayo bei yake ni ndogo mno ikilinganishwa na kamera, ina thamani kubwa chumbani.

Na kamera je? Mapitio ya tafiti za miaka 40 yaliyochapishwa mwaka 2019 na Eric Piza na wenzake yalionyesha kwamba mahali palipowekwa kamera uhalifu ulipungua kwa takriban asilimia 13. Faida kubwa ilionekana kwenye maegesho ya magari. Kwa uhalifu wa kumjeruhi mtu, kamera hazikuonyesha tofauti ya maana. Zilisaidia zaidi pale palipokuwa na mtu anayezitazama muda wote, na pale zilipoambatana na hatua nyingine kama taa bora. Hapo chuo chenye pesa kidogo kinaweza kuamua vyema: njia ya kutoka maktaba hadi hosteli ikiwa na giza, taa zije kabla ya kamera ya nane.

Jambo jingine ambalo wanafunzi wengi hulijua wakiwa wamechelewa ni kwamba picha hazikai milele. Mtambo wa kurekodi ukijaa hufuta picha za zamani ili kuandika mpya, baada ya wiki mbili au mwezi, kutegemea ukubwa wa diski. Aliyeibiwa kipakatalishi au aliyeshambuliwa anafaa kuomba mapema, kwa maandishi, picha za saa ile zihifadhiwe.

Na mashambulio mengi hayatoki nje ya ua. Clery aliuawa na mwanafunzi mwenzake, na katika ubakaji anayetenda mara nyingi hujulikana na anayetendewa: mwanafunzi mwenzake, rafiki wa rafiki, hata mhadhiri. Huyu ana kadi halali. Lango la kidole litamfungulia. Kinachomsaidia mwanafunzi hapo ni kujua aende wapi na kwa haraka kiasi gani. Dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya Ukimwi, maarufu kama PEP, zinafaa kuanzwa ndani ya saa 72, na kadiri zinavyoanzwa mapema ndivyo zinavyokinga zaidi. Tembe za dharura za kuzuia mimba hufanya kazi hadi saa 120, lakini nguvu yake hupungua kila siku inayopita. Asioge kabla ya kuchunguzwa na daktari, na nguo alizovaa azitie kwenye mfuko wa karatasi. Plastiki huzifanya zivunde na ushahidi kuharibika. Hospitali haipaswi kumdai karatasi ya polisi kabla ya kumtibu. Nchini Kenya nambari 1195 hupokea simu za ukatili wa kijinsia bila malipo, saa zote.

Mambo haya ni magumu kuyasema mbele ya binti, na ni magumu zaidi mbele ya mvulana, ambaye naye anaweza kubakwa. Lakini arafa fupi inatosha. Akiihifadhi kwenye simu, siku atakayoihitaji yeye au mwenzake wa chumbani, itakuwepo.

Simu inaleta kishawishi kingine, cha wazazi safari hii. Wapo wanaoweka programu ya kumfuatilia kijana kila aendapo. Mwenye miaka 18 ni mtu mzima, na anayefuatiliwa bila ridhaa hujifunza haraka kuiacha simu kwa rafiki na kwenda zake. Afadhali makubaliano: akisafiri usiku au akipanda gari la mtu asiyemjua, atume mahali alipo kwa WhatsApp, ambayo humruhusu kuchagua dakika 15, saa moja au saa nane, kisha inazima. Simu nyingi za Android za miaka ya karibuni pia hupiga nambari ya dharura kitufe cha kuwashia kikibonyezwa mara tano mfululizo. Aiwashe na kuiandaa nyumbani, kabla ya kuondoka.

Chuo nacho kinapochukua alama za vidole kinachukua taarifa nyeti. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakitaka kieleze zitatumiwa kwa nini, na Tanzania ina sheria yake ya mwaka 2022. Nenosiri likiibwa hubadilishwa. Kidole hakibadilishwi.

Siku ya kuripoti mzazi hana muda mwingi, na foleni ya karo ni ndefu. Yapo machache anayoweza kuyafanya kabla ya kurudi barabarani. Ampeleke mwanawe watembee kutoka chumbani hadi mlango wa dharura na kuusukuma waone kama unafunguka. Wamuulize msimamizi wa hosteli zoezi la mwisho la moto lilifanyika lini. Mwenye jibu hulitoa papo hapo. Waulize zahanati ya chuo kama hufunguliwa usiku, na kama haifunguliwi, gari la kumpeleka mgonjwa hospitalini liko wapi na dereva ni nani. Kisha mtoto achukue nambari ya ofisi ya usalama iliyobandikwa ukutani, aipige hapo hapo mzazi akiwa kando, na wahesabu italia mara ngapi kabla ya kupokewa. Isipopokewa, waende ofisini kuuliza nambari inayopokewa, na hiyo ndiyo aihifadhi.