Taharuki Haizaliwi na Risasi

Aghalabu filamu ya kijasusi husifiwa kwa magari yake, silaha zake na mandhari ya miji ya kigeni. Sifa hizo ni za juujuu. Kinachoidumisha ni namna mtunzi anavyogawa maarifa baina ya mhusika na hadhira.

Mfano bora ni From Russia with Love, filamu ya pili ya James Bond, iliyoongozwa na Terence Young mwaka 1963. Katika onyesho la kwanza kabisa, muuaji aitwaye Grant anamnyonga, katika mazoezi, mtu aliyevikwa kinyago cha sura ya Bond. Tangu hapo hadhira inamjua adui, Bond hamjui. Baadaye Grant anajitokeza garimoshini akijifanya jasusi mwenzake, nao wanakula meza moja kwa utulivu. Hapana risasi inayolia, lakini mtazamaji anatokwa jasho. Kikulacho ki nguoni mwako, na uchungu wa kinaya hiki ni kwamba anayejua hana uwezo wa kumwonya asiyejua.

Hata mkoba unaomwokoa Bond haukuzuka ghafla. Mapema, kule London, alikuwa ameonyeshwa kwamba ukifunguliwa vibaya hutoa gesi. Lau usingalidokezwa, wokovu wake ungalikuwa sadfa tupu. Kwa kuwa ulidokezwa, ni tunda la msuko.

Alfred Hitchcock alikuwa amekwisha kuitumia mbinu hii katika North by Northwest mwaka 1959. Thornhill, mtu wa matangazo ya biashara, anadhaniwa kuwa jasusi Kaplan. Hadhira inafichuliwa kwamba Kaplan hayupo kabisa, ilhali Thornhill angali anamsaka ili ajinusuru.

Wapo watakaodai kwamba haya ni burudani tu, hayastahili darasa la fasihi. Dai hilo ni dhaifu. Kinaya na taharuki ni mali ya masimulizi yote. Riwaya za Elvis Musiba, ambazo shujaa wake ni jasusi Willy Gamba, zimeainishwa kama fasihi pendwa, na uainishaji huo huwa kisingizio cha kutozichambua. Zipo zitakazofaulu na zipo zitakazoanguka, lakini hukumu itokane na matini yenyewe. Mhakiki na aanze kwa swali jepesi: katika kila tukio, ni nani anayejua nini, na amekijua lini?