Punda wa Dodoma akishikwa na pepopunda, anatibiwa na nani?

Wadau, nimeadimika hapa kijiweni kwa wiki mbili. Mhariri alinituma vijijini huko Bahi kufuatilia habari ya visima, na habari ya visima ikifika gazetini inapewa safu moja chini ya tangazo la mnada wa magari. Kilichobaki kwenye daftari ndicho ninachowaletea hapa, nacho ni habari ya punda.

Msicheke kwanza. Najua wengi mnaonisoma mko Dar, Arusha, wengine ughaibuni, na kwenu punda ni tusi la kumtupia mwenzio aliyefeli hesabu. Hapa Dodoma mvua ya mwaka mzima haifiki hata milimita 600 kwa wastani, tena inanyesha kati ya Desemba na Aprili, basi. Miezi iliyobaki mtu anafuata maji yalipo, na kule nilikokuwa yanafuatwa na punda. Madumu manne kwa safari, mawili kila upande wa sogi. Punda akilala, mama mwenye nyumba anabeba dumu kichwani, moja moja.

Sasa punda wa nyumba niliyofikia alikuwa hajalala. Alikuwa amesimama, na ndiyo iliyokuwa shida yenyewe. Amesimama kama meza: miguu minne imepanuka na kukakamaa, mkia umenyanyuka, masikio wima, shingo imenyooka kama gogo. Kijana wa mama akadondosha dumu tupu, na yule mnyama akatetemeka mwili mzima kama aliyepigwa shoti ya umeme. Taya zimefunga. Kwa siku mbili walikuwa wakimpanua mdomo kwa mikono na kumtia uji wa mtama kwa chupa ya soda. Kwenye kwato ya nyuma alikuwa na kidonda cha msumari, kimeshaanza kufunga juu.

Bwana mifugo alikuja na pikipiki yake. Kijana mstaarabu, rika langu, na alinunua mafuta kwa hela yake mwenyewe, hilo nalishuhudia. Akamchoma OTC, akasema, "Mama, tusubiri kidogo," akaondoka. Nilimsindikiza hadi barabarani nikamuuliza ni ugonjwa gani. Akaniambia ukweli: ng'ombe anamjua, mbuzi anamjua, kuku anamjua. Punda anayekakamaa namna ile hakuwahi kufundishwa.

Usiku nikapanda kichuguu kutafuta mtandao, nikampigia rafiki yangu niliyesoma naye sekondari, leo ni daktari wa mifugo. Nikategemea ataniuliza dalili. Swali lake la kwanza likawa: "Kuna mtu ameingiza mkono mdomoni mwake?"

Nikamwambia ndiyo, mama na mwanawe, siku mbili mfululizo. Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Sikiliza. Punda anayeshindwa kumeza, mpaka ithibitike vingine, mhesabu ana kichaa cha mbwa."

Wadau, mimi nimesoma mpaka chuo kikuu na sikuwahi kujua kwamba punda anaweza kupata kichaa cha mbwa. Kumbe anapata, farasi anapata, ng'ombe anapata, na virusi vyenyewe vinakaa kwenye mate. Mtu mwenye mchubuko kwenye vidole akishika mdomo ule anajiweka hatarini, na ugonjwa ukishaanza kuonyesha dalili kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Kinachookoa ni kuosha kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15 na kuwahi chanjo.

Halafu ndipo akaniuliza maswali mengine. Ukigonga taratibu paji la uso, kope la tatu linatokeza kwenye kona ya jicho? Nikarudi na tochi ya simu, nikagonga, ngozi nyeupe ikapita juu ya jicho kama pazia. Ana jeraha? Anashtuka kwa kelele? Mkia uko juu? "Inaelekea ni pepopunda," akasema, "lakini kwa simu siwezi kukuapia."

Pepopunda! Hebu lisikilizeni neno lenyewe. Ni pepo na punda. Leo ukilitamka, kila mtu anafikiria mtoto mchanga na kitovu, au fundi aliyekanyaga msumari. Lakini waliotuachia Kiswahili walimtia punda ndani ya jina, na sayansi haiko mbali nao. Farasi na punda ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika upesi kuliko wote na sumu ya ugonjwa huu. Bakteria wake wamo kwenye udongo na kwenye mavi yao. Wanaingia kwenye kidonda chembamba kisicho na hewa, wanatoa sumu, na sumu inapanda kwa mishipa ya fahamu hadi kwenye uti wa mgongo. Huko inazuia ile amri inayoiambia misuli "legea". Misuli inabaki na amri ya kukaza tu. Mnyama hawezi kutafuna, hawezi kumeza, mwishoni hawezi kupumua.

Na kuna deni hapa. Mwaka 1890 Behring na Kitasato walitangaza kwamba damu ya mnyama aliyezoeshwa sumu hii inaweza kumkinga mwingine. Baada ya hapo waliotumika kutengeneza dawa hiyo kwa wingi ni farasi: walichomwa sumu kidogo kidogo, damu yao ikavunwa, na serumu yake ikaokoa wanajeshi wengi waliojeruhiwa katika Vita Kuu ya Kwanza. Baadaye ikaja chanjo. Sisi Tanzania tumechanja kina mama wajawazito kwa bidii mpaka mwaka 2012 nchi yetu ikathibitishwa kuwa imetokomeza pepopunda ya wajawazito na watoto wachanga. Hilo ni jambo la kujivunia, na nilipenda kuliandika. Ila mwenye jina lake, punda, kule Bahi hajawahi hata kusikia kwamba kuna chanjo yake. Ni dozi mbili zinazopishana wiki nne hivi, kisha za kurudia.

Nasikia mtu anauliza: hospitali za watu hazina vitanda, wewe unadai daktari wa mishipa ya fahamu ya punda? Nimelitegemea swali hilo. Simdai mtu jengo. Sidai mashine ya kupiga picha ubongo kama zile za hospitali za farasi wa mbio huko Marekani, ambako farasi mmoja ana bei ya nyumba ya Masaki. Ninachodai ni akili iliyofundishwa, na hiyo ni rahisi kuliko saruji.

Kwanza kuijua tofauti. Punda aliyeshindwa kutembea anaweza kuwa na pepopunda, kichaa cha mbwa, nagana iliyofika kwenye ubongo, jeraha la mgongo kwa kubebeshwa kupita kiasi, au sumu. Kila moja ina njia yake. Na dalili za punda zimejificha, kwa sababu mnyama huyu anavumilia maumivu kimya kimya mpaka unadhani anasinzia. Akiacha kula siku chache tu, mafuta ya mwilini yanamwagika kwenye damu na kuharibu ini, kwa hiyo anaweza kufa na njaa kabla ugonjwa wenyewe haujammaliza. Daktari aliyezoea ng'ombe atamwona "ametulia".

Pili, dawa. Vitabu vingi vya tiba vimeandikwa kwa ajili ya farasi, na punda si farasi mdogo. Dawa kadhaa zinatoka mwilini mwake haraka kuliko kwa farasi, zikiwamo za maumivu, kwa hiyo ratiba ya dozi inabadilika. Ile dawa ya nagana tunayoiita berenili, ambayo ng'ombe anaimudu vizuri, farasi na punda hawaivumilii kiasi hicho, na ikizidi inaweza kuleta kuyumbayumba na mitetemeko. Yaani unamtibu mgonjwa wa mishipa ya fahamu kwa kumwongezea ugonjwa wa mishipa ya fahamu. Tena wako wafugaji wa kuku wa mjini, na mimi nilikuwa mmoja wao kabla kideri hakijanifilisi, wanaotumia chakula chenye monensini ya kuzuia koksidia. Kiasi ambacho kuku anakula na kunenepa kinaweza kuua misuli ya farasi, pamoja na moyo. Mabaki ya banda la kuku hayafai kumwagiwa punda. Nani anawaambia watu hilo dukani?

Tatu ni mahindi, na hapa ndipo Dodoma inaponitia wasiwasi kuliko pengine popote. Mnakumbuka mwaka 2016, watu wa Dodoma na Manyara walivyokufa kwa sumukuvu. Baada ya pale tulifundishwa kuchambua mahindi: mazuri kwa watu, yaliyoota ukungu pembeni. Pembeni wapi? Mara nyingi ni kwenye pipa la mifugo. Sasa kuna kuvu mwingine wa mahindi anayetoa sumu iitwayo fumonisini, ambayo watafiti wa Afrika Kusini waliitambua mwaka 1988. Kwa jamii ya farasi sumu hiyo inayeyusha sehemu nyeupe ya ubongo. Mnyama anazunguka duara, anasukuma kichwa ukutani, anakuwa kama kipofu, anaanguka, anakufa kwa siku chache au saa chache. Tiba hakuna, kinachobaki ni kuondoa chakula kile wasife wengine. Mzee mmoja kule Bahi aliniambia punda wake miaka ya nyuma "alirogwa, akawa anazunguka mti mpaka akafa". Siwezi kusema ilikuwa fumonisini. Ninachoweza kusema ni kwamba hakuna aliyefungua kichwa cha punda yule, na mahindi yaliyobaki kwenye kihenge yaliliwa.

Kinachonikera ni mpangilio wa mambo. Kisu kilimfikia punda wa Dodoma kabla ya daktari. Wachina walipoanza kutafuta ngozi ya punda kwa ajili ya ejiao, ile dawa yao ya gundi, kikajengwa kiwanda cha kumchinja hapa Dodoma na kingine Shinyanga. Ghafla kila mtu akajua bei ya punda. Zikaja kauli za kuzuia, zikalegezwa, mpaka mwaka 2022 Serikali ikapiga marufuku uchinjaji, na Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika wakakubaliana kusimamisha biashara ya ngozi ya punda barani kote. Safi kabisa. Ila hotuba za Wizara ya Mifugo zinataja punda zaidi ya 600,000 nchini. Tumewaokoa wasiuawe kwa ajili ya gundi. Wakiugua je?

Watu wa pwani wana mfano wa karibu. Lamu, mji wa vichochoro ambamo mizigo inabebwa na punda, ina kliniki ya punda tangu mwaka 1987, iliyofunguliwa na shirika la Kiingereza la The Donkey Sanctuary. Si jumba la ajabu. Kuna watu wanaojua punda na kuna mlango unaojulikana. Mtoto wa Lamu anajua punda akichechemea anapelekwa wapi.

Sisi tuna nini? Tuna SUA Morogoro, wanakosomea madaktari kwa miaka mitano. Tuna chuo cha mifugo Mpwapwa, humu humu mkoani, mji ambao Wajerumani waliweka maabara ya mifugo tangu mwaka 1905. Na tuna minada. Jumamosi pale Msalato, wakati sisi tunakimbilia nyama choma, punda wamefungwa kwenye miti wakisubiri mizigo. Wanafunzi wawekwe pale na mwalimu wao. Wamtembeze punda mbele na nyuma, wamzungushe duara dogo, wamvute mkia pembeni akitembea waone kama miguu inajibu, waguse kope, waangalie ulimi. Vipimo hivyo havitumii umeme. Wajifunze kumhudumia mgonjwa aliyelazwa hata kama wodi ni zizi: giza, kimya, pamba masikioni, kidonda kifunguliwe na kusafishwa, penisilini, dawa ya kutuliza misuli, maji ya dripu, na akilala ageuzwe kila baada ya saa chache misuli ya upande wa chini isife. Kwa pepopunda wengi hufa hata kwenye hospitali zenye kila kitu, sitawadanganya. Lakini baadhi hupona. Na anayefundishwa haya ndiye huyohuyo atakayemwambia mama: usitie mkono mdomoni.

Asubuhi yake nilimwambia mama wa watu habari ya kichaa cha mbwa. Aliniangalia kwa muda mrefu, akasema, "Mwanangu, kwani huyu ni mbwa?" Tukaenda zahanati na kijana wake kwa bodaboda moja, watatu pamoja na dereva, mimi nikafuata na nyingine. Hapakuwa na chanjo. Tukaenda mjini. Wameshamaliza dozi zote, wako salama.

Punda alikufa siku ya nne, akiwa bado amekakamaa. Nilimuuliza rafiki yangu kama ubongo unaweza kupimwa, akasema unaweza, ila atafutwe mtu wa kuutoa kwa usalama na kuufikisha maabara kwenye barafu. Tulipata mwenye jembe. Alizikwa nyuma ya zizi kabla ya saa sita mchana, na tangu siku hiyo safari za kisimani ni nne badala ya moja.