Key West Haikujengwa na Maharamia

Wapo wanaoandika kwamba Key West, mji wa kisiwani kusini mwa Florida, ulijengwa na maharamia na kupewa sifa na mwandishi Hemingway. Maharamia gani? Mwaka 1823 jeshi la wanamaji la Marekani liliweka kambi hapo ili kuwasaka. Na waliookoa shehena za meli zilizokwama miambani hawakuwa maharamia: walikuwa na leseni, na fungu lao lilipangwa na mahakama. Hoja ya Hemingway ni dhaifu zaidi: alifika 1928, ilhali Wakuba waliokimbia kwao walifungua taasisi yao, San Carlos, tangu 1871, na sigara walizosokota kwa mkono ndizo zilizoulisha mji.

Mtasema wasomaji hupenda visa. Basi wasimulieni cha 1860: Waafrika 1,432 walitolewa katika meli tatu za watumwa wakaletwa hapo, karibu 300 walikufa, wakazikwa ufukweni. Waliobaki serikali iliwapeleka Liberia, nchi isiyokuwa kwao.