Upande wa Pili wa Santuri
Jumamosi usiku, kuanzia Kamakwa hapa Nyeri hadi Karatina na Nanyuki, mpiga mugithi hushika gitaa lake peke yake, watu hushikana mabega kama mabehewa ya treni, na nyimbo za Joseph Kamaru huja zile zile: tatu, nne, kisha anarukia za mwingine. Nazipenda mno. Lakini Kamaru, mwana wa Kangema aliyefariki Oktoba 2018, alitunga mamia ya nyimbo, na nyingi zilitoka kwenye santuri ndogo zenye pande mbili. Upande mmoja ulivuma, wa pili ukabaki kwa mwenye gramafoni. Huko kuna methali nzito za Kikuyu na mawaidha ambayo vijana wetu hawajawahi kuyasikia. Alipookoka mwaka 1993 aliziweka kando nyimbo za kidunia, na wapenzi wake waliumia. Sasa mjukuu aliyerithi jina lake, msanii KMRU aliyehamia Berlin, amekuwa akizitoa upya kazi za babu yake mtandaoni, kwa hiyo pa kujifunzia papo. Ndugu zangu wapiga gitaa, nanyi wazee wetu wa Gatanga mnaopanda jukwaani hadi leo, nawaomba: saa sita usiku, watu wakishacheza wakatosheka, punguzeni sauti mtupe wimbo mmoja wa upande wa pili. Mzee aliyeinunua santuri ile akiwa kijana ameketi pale kwenye kona, na maneno yote bado anayakumbuka.