Paketi ya Pedali Iwe na Nini Ndani? Maoni Yetu Sisi Tunaoziuza

Wiki hii zamu ya kuandika imetuangukia sisi wa upande wa ufundi na muziki hapa Gisenyi. Tunataka kuongea juu ya zile bahasha za kaki ambazo wengi wenu mmeziona mkatucheka, mkauliza kama tumefungua posta. Ndani ya zile bahasha kuna vipuri vya pedali ya gitaa, yaani kile kisanduku mpiga gitaa anachokikanyaga kwa mguu ili sauti ipande, ikwaruze au irudi kama mwangwi. Mnunuzi anajiundia mwenyewe nyumbani. Wateja wetu karibu wote ni vijana wa korali.

Kwa miezi kadhaa tumegombana juu ya swali moja: ndani ya bahasha tuweke nini? Wengine walitaka vipuri vichache, bei iwe chini. Wengine walitaka kila kitu. Leo tumekubaliana, na tunawaambia wazi: mtu anayeuza paketi ya kujiundia aweke ndani kila kitu ambacho mnunuzi, akiwa peke yake chumbani usiku, hawezi kukipata. Vingine aache. Akifanya kinyume, amechukua pesa ya mtu na kumuachia kazi isiyoisha.

Tulianza hivi. Mmoja wetu aliagiza paketi kutoka mbali, ikapitia kwa ndugu yake wa Kampala. Alikuwa ameweka pesa kidogo kidogo tangu tulipovuka. (Si mnajua, wengi wetu tulivuka mara ya kwanza Mei 2021, Nyiragongo ilipolipuka, tukarudi, tukavuka tena Januari 2025.) Paketi ikafika. Vipuri vyote vimechanganywa pamoja, na maelekezo ni karatasi yenye anwani ya intaneti tu, na huko kila kitu kimeandikwa Kiingereza. Akanunua megabaiti, akasoma alichoweza, akachomelea kwa pasi ya kuazima. Haikulia. Akachukua adapta ya modemu akaichomeka, kukatoka harufu ya kuungua. Basi. Ile kitu ikakaa chini ya kitanda, na yeye akawa anatuambia kila siku, "Mimi sina mikono ya ufundi." Kijana wa miaka 19.

Siku moja tuliipeleka kwa mzee anayetengeneza redio. Akaigeuza, akatazama, akauliza, "Nani alikuonyesha miguu ya hii transista?" Hakuna aliyemuonyesha. Alikuwa ameiweka miguu vibaya, na ile adapta ikamaliza kazi. Mzee akatoa transista nyingine kwenye redio iliyokufa, akaichomelea. Pedali ikalia. Kijana yule hakuwa na kasoro ya mikono. Alikosa mstari mmoja wa maandishi.

Mtasema basi sisi tulijifunza tukaanza kuuza vizuri. Hapana. Paketi zetu za kwanza zilikuwa mbaya karibu sawa na ile. Mama mmoja wa Mbugangari alimnunulia mtoto wake, na baada ya wiki mbili akarudi na bahasha mkononi. Akatuambia, "Batoto bangu, muliniuzisha fumbo. Mimi nilitaka kitu ya kulia mu kanisa." Tulimrudishia pesa yake. Lakini yule mtoto hakuja naye, na hilo lilituuma kuliko pesa. Alikuwa ameshajihukumu.

Sasa tuseme tunachoweka, na sababu yake.

Kwanza, tunachagua pedali rahisi. Kuna ya zamani inayoitwa LPB-1, ya kampuni ya Electro-Harmonix ya New York, iliyoanzishwa 1968. Kazi yake ni kupandisha sauti ya gitaa, na ndani yake kuna transista moja tu, rezista nne, kapasita mbili na kile kizungusho kama cha volyumu ya redio. Mtu anaimaliza kwa jioni moja. Paketi ya kwanza ya mtu lazima iwe ile anayoweza kuishinda. Mwangwi na mambo makubwa yatakuja baadaye.

Pili, rezista tunazibandika kwenye kadi, na pembeni ya kila moja tunaandika thamani yake kwa kalamu. Watu wanaojua wanasema hiyo ni kazi ya bure, si rangi zinaonyesha? Kweli, zinaonyesha. Kahawia, nyeusi, nyekundu ni ohm 1,000. Kahawia, nyeusi, rangi ya chungwa ni ohm 10,000. Lakini umeme ukikatika, ukawasha tochi ya simu, nyekundu na chungwa zinakuwa ndugu mapacha. Kuandika kunatuchukua dakika tano. Kutafuta kosa kutamchukua mtu wiki.

Tatu, transista mbili, ya kutumia na ya akiba. Transista ikishikiwa pasi ya moto kwa muda mrefu inakufa, na anayejifunza atashika kwa muda mrefu, hakuna njia nyingine. Pia tunachora miguu. Ukiigeuzia uso wake bapa kwako, miguu ikitazama chini, 2N3904 inasoma kutoka kushoto: emita, besi, kolekta. BC547 inasoma kolekta, besi, emita. C945, ile inayopatikana sana kwenye redio za zamani, inasoma emita, kolekta, besi. Zote tatu zinafanana kwa sura kama watoto wa mama mmoja. Tunachora zote hata kama tumeuza aina moja tu, juu tunajua kipuri kikiharibika mtu ataenda kwa fundi redio, na fundi atampa ile aliyo nayo.

Nne, dayodi ya kulinda. Pedali nyingi za gitaa zinatumia volti 9 na hasi iko katikati ya plagi. Adapta za modemu na vifaa vingine vya nyumbani mara nyingi zina chanya katikati, na nyingi ni volti 12. Mtu wa kawaida anaona plagi imeingia, anafikiri ni sawa. Dayodi moja ndogo, 1N4001, inazuia umeme uliogeuka usiue pedali. Ni kati ya vipuri vya bei ya chini kabisa kwenye bahasha nzima. Mtu anayeuza paketi bila hiyo dayodi anabana senti chache ili mteja apoteze yote.

Tano, risasi ya kuchomelea, kipande cha mita moja. (Risasi hii, siyo ile tuliyoikimbia.) Dukani wanaiuza kwa roli nzima, na mtu wa pedali moja haitaji roli. Pamoja nayo kuna onyo tunaloliandika kwa herufi kubwa, juu wengi wetu tunapika, tunalala na kuchomelea kwenye chumba kimoja: fungua dirisha, watoto wakae mbali, nawa mikono mbele ya kula, na kopo uliloweka risasi lisirudi kuwa la chakula. Madini ya risasi ni sumu, na kwa watoto ndo mbaya zaidi.

Sita, karatasi ya maelekezo kwa Kiswahili upande mmoja na Kinyarwanda upande wa pili. Tuliisomesha kwanza kwa mtu ambaye hajawahi kushika pasi. Alipokwama, tuliandika upya pale alipokwama. Mwishoni kuna sehemu ya "Haikulii? Usitupe." Angalia batri. Angalia kama bati limegusa nyuma ya bodi. Angalia miguu ya transista. Ukiwa na mita, pima kolekta: ikisoma 9 kamili au sifuri, kuna kosa karibu na transista, na siyo kwamba wewe hujui. Hiyo sentensi ya mwisho tumeiandika hivyo hivyo.

Halafu kuna mstari juu ya batri. Jeki ya kuingilia ndo inawasha pedali, kwa hiyo ukimaliza kupiga chomoa waya, la sivyo batri itaisha imelala. Na ile taa nyekundu inayopendwa na kila mtu inaweza kula umeme mwingi kuliko pedali yenyewe. Tunaiweka ndani ya bahasha, lakini tunakuambia ukweli wake uchague.

Tusichoweka ni kasha. Kasha la aluminiamu kutoka nje na swichi ya mguu ndo vinavyopandisha bei sana. Swichi tunaiuza pembeni kwa anayetaka. Kasha tunakupa mchoro wa kutoboa matundu, wewe tafuta bati lako. Kopo la sardini linafaa. Likiunganishwa na waya wa ardhi wa bodi, bati linazuia ile milio ya umeme isiingie kwenye sauti, kitu ambacho kopo la plastiki haliwezi. Usisahau kubandika karatasi ngumu chini ya bodi, na kingo za bati zipigwe msasa, zisikukate.

Na kwa nini bahasha ya kaki? Kwa sababu tuko Rwanda. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku hapa mwaka 2008, na sheria ya 2019 ikaongeza plastiki za kutumia mara moja. Vile vimifuko vidogo ambavyo wauzaji wa nje wanatilia rezista, sisi hatuvitumii. Kwanza tuliona ni usumbufu. Sasa tunaona kadi na bahasha zimetusaidia, maana juu ya karatasi unaweza kuandika.

Kuna ndugu zetu wanaopinga. Wanasema, wakubwa wetu Kongo hawakununua paketi. Wanatutajia Konono N°1 wa Kinshasa, kundi la mzee Mawangu Mingiedi, waliotia likembe umeme kwa sumaku za vyuma vya magari mabovu, mpaka dunia nzima ikawasikia kwenye Congotronics mwaka 2004. Ni kweli, na tunawaheshimu. Lakini kijana aliyekulia pembeni ya fundi wa aina hiyo alikuwa na mtu wa kumuuliza kila siku. Sisi wengi tumeacha watu wetu wa kuuliza ng'ambo ya mpaka. Wengine hatujui hata wako wapi. Karatasi yetu inajaribu, kwa unyonge wake, kukaa mahali pa yule mzee.

Wengine wanasema bei itapanda na watu watakimbia. Hili tunalikubali nusu. Bahasha yetu ni ghali kidogo kuliko vipuri vitupu. Lakini hesabuni vizuri: mtu mwenye mshahara akinunua paketi ikashindikana, ananunua nyingine. Mkimbizi ana nafasi moja. Ikishindikana, anapoteza pesa na anapoteza imani kwamba anaweza kufanya kitu kwa mikono yake. Hiyo ya pili hatuna dukani.

Hapa Rubavu watu wanajua muziki unaweza kuwa kazi. Shule ya muziki ya Nyundo ilianzia wilaya hii mwaka 2014, baadaye ndo ikahamia Muhanga. Siyo kila mmoja wetu atafika shule kama ile. Lakini kijana anayeweza kuunda pedali anaweza kutengeneza waya wa maikrofoni, halafu redio, halafu miksa ya kanisa iliyonyamaza. Anaanza kuitwa fundi. Na mkiwa wageni mahali, kuitwa fundi ni tofauti kabisa na kuitwa mkimbizi.

Yule mtoto wa mama wa Mbugangari tulimfuata nyumbani. Tulikaa naye chini, tukafungua bahasha mpya, hatukushika pasi hata mara moja, tuliacha ashike yeye. Alichomelea rezista moja mahali pasipo pake, akaiona mwenyewe kwenye kadi, akaitoa. Saa mbili usiku gitaa lilipita kwenye pedali, sauti ikapanda hadi jirani akagonga ukuta. Mama yake akatuambia, "Sasa njo mumeniuzisha kitu."

Kwa hiyo wewe unayeuza chochote cha mtu kujitengenezea, iwe pedali, sabuni au mashono, fungua paketi yako leo usiku, jifanye hujui kitu, uone utakwama wapi. Pale utakapokwama ndipo pa kuongeza. Na kama nyumbani kuna redio iliyokufa, usiitupe. Tuletee. Transista zake bado zina kazi.