Tiba ya nasuri haikomei kwenye meza ya upasuaji

KAMBI za upasuaji wa bure wa nasuri zinapofungwa humu nchini, jambo ambalo hutangazwa kwanza ni idadi ya wanawake waliotibiwa. Hesabu hiyo ina heshima yake, lakini haisemi ni wangapi waliorejea kwao wakiwa wakavu.

Nasuri, au fistula, aghalabu hutokana na uchungu wa uzazi uliodumu muda mrefu bila msaada. Kichwa cha mtoto hukibana kibofu dhidi ya mfupa wa nyonga, damu ikakosa kupita, nyama zikafa na tundu likatokea. Tangu hapo mkojo humvuja mama usiku na mchana.

Daktari akishaliziba tundu hilo, kibofu huhitaji kupumzishwa. Mgonjwa huwekewa mpira wa mkojo na kuhimizwa kunywa maji kwa wingi. Mpira ukiziba na akakosekana wa kuuzibua, kibofu hujaa, nyuzi zikafumuka na kazi yote ikaharibika. Ndiposa muuguzi wa zamu ya usiku ana uzito sawa na daktari bingwa.

Kwa miaka mingi, wagonjwa wengi walikaa na mpira huo kwa siku 14 au zaidi. Utafiti uliofanywa katika mataifa manane ya Afrika, Kenya ikiwemo, na kuchapishwa 2015 ulionyesha kuwa kwa nasuri isiyo tata, siku 7 hazina hatari zaidi ya 14. Mnamo 2018, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipendekeza siku 7 hadi 10. Kitanda kile kile sasa chaweza kuwafaa wanawake wengi zaidi.

Hata hivyo, nafuu hiyo isigeuzwe kisingizio cha kumharakisha mgonjwa kuondoka wodini. Mpira ukitolewa, sharti ithibitishwe kwamba anakojoa na kuumaliza mkojo. Wapo ambao tundu limezibika kabisa ilhali mkojo ungali unavuja, kwa kuwa kibofu kimesinyaa au misuli ya kuuzuia imedhoofika. Hao huhitaji mazoezi ya misuli ya nyonga, na baadhi yao upasuaji mwingine. Asiyeelezwa haya huamini kwamba tiba imeshindikana, akarudi mafichoni.

Serikali za kaunti, zilizokabidhiwa hospitali nyingi za umma chini ya Katiba ya 2010, zina wajibu wa kutenga fedha za wauguzi na za nauli ya wanaorudi kukaguliwa. Nao wafadhili wa kambi watangaze hesabu ya pili: wanawake wangapi wangali wakavu miezi mitatu baadaye?